Macho ya Askari Njiani

Liko jambo ambalo makarani wengi hulisema kwa sauti ya chini. Mtu atoka kazini jioni, avuka reli kurudi Ngamiani, hana alichochukua ila mwavuli na gazeti, mara aona askari amtazama toka kofia hata viatu. Hakuulizwa neno. Lakini mwendo wake wabadilika, na mkono waenda wenyewe mfukoni kutafuta kitambulisho. Akipita mbele ya benki, mlinzi naye amsindikiza kwa macho mpaka atoweke.

Hatusemi askari asitazame. Ndiyo kazi yake, na wezi wapo. Wenye maduka watatucheka tukinena vingine.

Ila macho haya yana asili yake. Katika Kenya, tangu mwaka 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu, iliyoanza mwaka 1945, iliandika katika vifungu vya 176 na 177 kosa la uzururaji: mtu anayeshukiwa, asiyeonekana njia yake ya riziki, tena asiyeweza kujieleza vema. Uhuru nao haukuliondoa wazo hilo. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa mjini walikamatwa njiani kwa kukosa kitambulisho cha kazi.

Twaogopa jambo moja kupita macho hayo. Yuko karani ambaye akisimamishwa husema, “Mimi mtumishi wa Serikali, si mhuni.” Huachiliwa akaenda zake, na kijana muuza machungwa aliyesimamishwa pamoja naye hubaki akihojiwa. Je, hiyo ndiyo heshima tuitakayo? Wazee walioanzisha chama cha watumishi Waafrika hapa Tanga mwaka 1922 waliwakusanya Waislamu na Wakristo pamoja, watu wa makabila mbalimbali. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zizirekebishe au zizifute. Haikumtenga karani na mchukuzi.

Kwa hiyo twashauri chama kimwandikie mkuu wa polisi wa wilaya, si kuomba alama ya kututambulisha sisi, bali kuuliza kama askari amsimamishapo mtu yeyote atamweleza sababu kabla ya kumdai kitambulisho. Wanachama walioona mambo hayo wamletee katibu tarehe na mahali kabla ya mkutano ujao. Majina yao hayatatajwa.