Toa Daftari Sandukuni

Mpenzi msomaji, kabla sijaenda mbali naomba unijibu swali moja. Ndani ya lile sanduku lako la bati, chini ya nguo, hakuna daftari ambalo hutaki mtu yeyote aliguse? Mimi nilikuwa nalo. Lilikuwa limejaa hadithi, na kwa miaka miwili hakuna jicho lililolisoma isipokuwa langu. Leo nimeshika kalamu nieleze kwa nini nililitoa, na kwa nini naona kila mwanachama wa Chama chetu cha Kiswahili yafaa atoe lake.

Woga wangu ulianzia shule ya msingi. Sisi tuliolelewa huku Nyeri tukizungumza Kikuyu twaijua taabu ya "l" na "r". Siku moja niliandika katika insha kwamba baba aliniletea karamu mpya kutoka Karatina. Nilikusudia kalamu. Insha ikasomwa mbele ya darasa, na sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Na pilau ilikuwepo?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini changu kilikuwa kicheko cha kuficha machozi. Tangu siku hiyo niliandika kwa siri, kama mtu anayefanya jambo baya.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu alitusimulia kisa cha marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka wa 1960, akiwa mwanafunzi Makerere, Ngũgĩ alikutana na Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia, ambaye alishughulika sana na jarida la wanafunzi lililoitwa Penpoint. Akamsimamisha, akamwambia ameandika hadithi fupi, je, angependa kuiangalia? Kumbe ulikuwa uongo! Hadithi yenyewe ilikuwa kichwani tu. Ikabidi aende akaiandike mbio mbio, na ndiyo hadithi yake ya mti wa mugumo. Mwaka wa 1964 riwaya yake Weep Not, Child ikatoka, na ulimwengu ukamjua.

Kisa hiki kilinichoma moyo. Ngũgĩ alisema ameandika ilhali hajaandika. Mimi kila nilipoulizwa nilisema, "Ah, mimi siandiki," ilhali daftari limejaa. Sote tulisema uongo, lakini wake ulimpeleka kwa watu na wangu ulinitenga nao. Nikajiuliza, ni nini kilichomsaidia? Hakikuwa sifa, maana alikuwa bado hajasifiwa na mtu. Ni kwamba palikuwa na mtu anayeingojea hadithi yake.

Basi muhula wa pili mwaka jana, wanachama saba tulianza kukutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika darasa tupu. Kanuni zetu ni chache. Mwenye kazi huisoma mwenyewe kwa sauti. Hakuna anayesema neno mpaka amalize. Kisha kila mmoja hueleza kwanza alichokiona katika hadithi, ndipo tuje kwenye makosa. Kanuni hii ya mwisho tuliiongeza baada ya kuumizana. Mwenzetu mmoja alisoma shairi, na kabla hajafika ubeti wa tatu akaambiwa, "Wewe, vina hujui!" Jumamosi iliyofuata hakuja, na hajarudi hadi leo. Sisemi basi kwamba kundi lolote ni dawa. Kundi lisilo na adabu ni lile darasa langu la pilau tu.

Siku ya kwanza nilikuja mikono mitupu. Ya pili vilevile. Ya tatu ikawa zamu yangu, na wenzangu sita walikuwa wamekaa kimya wakiningoja. Ilikuwa Julai, na baridi ya Nyeri mwezi wa Julai si mchezo, kwa hiyo mikono ilipotetemeka nilisingizia ukungu. Nilisoma hadithi ya mzee wa Tetu aliyeng'oa mikahawa yake yote kwa hasira ya malipo yaliyochelewa.

Nilipomaliza, mwenzetu wa Nanyuki akaomba daftari. Huko kwao mjini watu wa makabila mengi huchanganyika, na Kiswahili chake hutiririka kama maji. Akaweka alama ya penseli mahali kumi na moja nilipokosea "l" na "r", bila kucheka hata kidogo. Kisha akauliza, "Huyu mzee ameng'oa mikahawa, lakini mke wake alisema nini?" Nikapigwa na butwaa. Mama wa watu alikuwa amechuma kahawa ile miaka thelathini, nami sikumpa hata sentensi moja! Niliiandika upya wiki ile, na sasa hadithi ni ya yule mama.

Jumamosi iliyofuata akasoma yeye. Lugha ilikuwa tamu ajabu, ila wachumaji wake walikuwa wakichuma buni za kijani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, ukipeleka hizo kiwandani utarudishwa nazo. Huchumwa zilizoiva, zikiwa nyekundu." Akajicheka mwenyewe, akafuta. Hapo ndipo woga wangu ulipoanza kutoka. Kumbe hata yule niliyemwogopa kwa ufasaha wake alikuwa na jambo la kujifunza kwangu!

Bibi yangu angeliita jambo hili ngwatio. Ndio ule utaratibu wa akina mama wa huku kwetu wa kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Katika ngwatio hakuna anayeona haya kwa sababu ya magugu ya shamba lake, maana wiki ijayo atakuwa kwa jirani na atayaona ya huko. Mwandishi aliyejificha hudhani magugu ni yake peke yake.

Wako watakaonipinga. Watasema mwandishi ni mtu wa upweke, na watamtaja Abdilatif Abdalla aliyetunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972. Watamtaja Ngũgĩ mwenyewe, aliyeandika riwaya kwenye karatasi za chooni katika gereza la Kamiti mwaka wa 1978. Ni kweli. Lakini hao walifungiwa na serikali. Sisi nani ametufungia? Tena kabla ya kutiwa ndani, Ngũgĩ alikuwa Kamirithu, Limuru, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakiandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulioigizwa mwaka wa 1977. Wanakijiji, wakulima na vibarua, waliusikiliza mswada huo na kuurekebisha. Ikiwa msomi yule hakuona haya kusahihishwa na wakulima, mimi wa kidato cha tatu ni nani?

Wengine watasema, ati Kiswahili ni cha watu wa Pwani, sisi wa mlimani tutachekwa tu. La hasha! Kithaka wa Mberia ni mzaliwa wa Tharaka, upande wa pili wa mlima huu huu wetu. Tamthilia yake ya Kifo Kisimani ilitoka mwaka wa 2001, na wanafunzi wa nchi nzima, wa Mombasa na Lamu wakiwemo, wakaisoma kwa ajili ya mtihani.

Kwa hivyo nina ombi kwa viongozi wa chama. Mwaka nenda mwaka rudi tunaandaa mashindano ya insha, na washindi ndio wanaochapishwa hapa. Ni vizuri, lakini mashindano huwapata wale ambao tayari wana ujasiri. Tutenge nusu saa katika kila mkutano ili watu wasome kazi ambazo hazijakamilika, na anayemcheka msomaji atolewe nje. Nami nawe, msomaji, nakuomba ukurasa mmoja tu. Usingoje uwe safi.

Daftari langu bado linalala katika lile sanduku la bati, ila Jumamosi hutoka. Limejaa penseli za watu sita, na mahali pamoja pembeni mwa ukurasa mtu ameandika, "Kalamu, si karamu. Endelea, twataka kujua mama alifanya nini."