Siri Nyingine Zinaua, Jamani!

Mpenzi msomaji, mimi siri naziheshimu. Ukinipa yako, hesabu umeiweka benki. Lakini kuna siri nyingine, bwana, ukizikumbatia sana zinakupeleka kaburini. Hebu sikia kisa cha jamaa watano wa Marekani.

Desemba 2, 1988 walipaa na chombo cha angani kiitwacho Atlantis. Mzigo wao ulikuwa setilaiti ya jeshi, siri kubwa! Wakati wa kupaa, kipande kilichomoka kwenye roketi ya pembeni, kikapiga tumbo la chombo. Na huko tumboni ndiko kuna vigae vya kuzuia joto kali wakati wa kurudi duniani.

Wakachungulia kwa kamera iliyo kwenye mkono wa chombo. Loh! Vigae vimechubuka vibaya. Kamanda wao, Robert Gibson, alikuja kusimulia kwamba pale pale aliona wamekwisha.

Wakawaarifu wakubwa Houston. Sasa siri ikafanya vitu vyake. Kwa kuwa safari ilikuwa ya jeshi, picha hazikuruhusiwa kupita wazi. Zikapitishwa kwa njia ya kificho, zikafika chini mbovu, hazieleweki. Wataalamu wakatazama, wakasema huo ni mwanga na kivuli tu, msiwe na wasi. Yaani unalia nyumba inaungua, jirani anakwambia ni jua linazama!

Wakarudi Desemba 6, roho mkononi. Walipotua California, vigae vilivyoharibika vilihesabiwa zaidi ya 700, na kimoja kilikuwa kimeng'oka kabisa. Bahati yao, hapo kilipong'oka palikuwa na bamba la kushikilia antena. Ndilo lililowaokoa.

Wenzao saba wa Columbia hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 2003 ngao yao ya joto iliumia wakati wa kupaa. Wahandisi waliomba chombo kipigwe picha kikiwa angani, wakubwa wakakataa. Februari 1 kikasambaratika kikirudi, wote wakafa.

Mimi nasema hivi: mzigo wa siri, sawa, ufiche. Lakini jeraha ulionyeshe kweupe. Ukimwonyesha daktari kidonda kwa kuibia ibia, naye atakwambia ni kivuli. Mficha uchi hazai, ndugu yangu.

Tukutane wiki ijayo, majaliwa.