Fizi na Baraka: chupa tupu inaweza kuwafundisha watoto kupima mvua inayoua

Usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mvua kali ilishuka kwenye milima iliyo juu ya kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, wilayani Fizi. Mto ulifurika, ukabeba mawe, matope na miti, ukapita juu ya nyumba za watu waliokuwa wamelala. Viongozi wa eneo walitaja zaidi ya vifo 100. Miaka mitano kabla, Aprili 2020, mto Mulongwe ulifanya vivyo hivyo katika mji jirani wa Uvira.

Baada ya kila msiba wa namna hiyo, watu husema mvua ilikuwa kubwa. Lakini kubwa kiasi gani? Mzee wa Mboko akisema "kubwa" na mvuvi wa Kazimia akisema "kubwa", hakuna anayejua kama wanasema jambo moja. Mvua isiyopimwa husahaulika, na ikirudi huonekana kama jambo jipya.

Cha kushangaza ni kwamba somo la kupima mvua lipo shuleni. Mtoto wa Baraka au wa Fizi-centre anaweza kuandika "pluviomètre" bila kosa, akachora picha yake na kupata alama zote kwenye mtihani. Kifaa chenyewe hajawahi kukishika. Amekijua ubaoni, kwa chaki, kama vile anavyolijua theluji la Ulaya.

Sababu inayotolewa kila mara ni pesa. Shule hazina maabara. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu anayesubiri mshahara hawezi kuulizwa vifaa vya sayansi. Hayo ni kweli. Lakini pesa si jibu kwa kila kitu, kwa sababu kipimamvua hakihitaji pesa. Kinahitaji chupa ya plastiki iliyotupwa sokoni, kisu, rula na mawe machache.

Chupa yenye kuta zilizonyooka inakatwa pale inapoanza kuwa nyembamba. Sehemu ya juu inageuzwa na kutiwa ndani kama mrija wa kumiminia mafuta, bila kifuniko, ili maji yaingie lakini jua lisiyakaushe upesi. Chini yanawekwa mawe madogo ili upepo usiiangushe, kisha maji hadi kwenye mstari wa sifuri. Kuanzia hapo rula inachorwa kwa milimita. Chupa inasimamishwa mahali pa wazi, mbali na miti na mabati, na mbali na mbuzi. Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla ya kuingia darasani, mtoto mmoja anasoma, anaandika kwenye daftari, na kurudisha maji kwenye sifuri.

Kutengeneza ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kukijaribu kifaa kama kinasema kweli. Darasa linaweza kuweka kopo pana la maziwa kando ya chupa nyembamba, kisha watoto wabishane: kipi kitaonyesha mvua nyingi? Wengi watasema kopo, kwa kuwa mdomo wake ni mkubwa. Mvua ikinyesha, wataona kopo lina maji mengi zaidi, lakini kina ni karibu kile kile. Siku hiyo wataelewa kwa nini mvua hupimwa kwa milimita na si kwa lita. Na chupa mbili zikitofautiana, mwalimu hana haja ya kuficha. Watoto watafute wenyewe: je, moja iko chini ya mwembe? Je, nyingine imeinama? Mtoto aliyejifunza kukagua kifaa chake mwenyewe hatadanganywa kirahisi na mtu mwenye mizani mbovu sokoni.

Hesabu nayo inapata maana. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye bati la mita 4 kwa 5 ina mita 20 za mraba. Mvua ya milimita 10 inamwaga juu yake lita 200, sawa na bidoni 10 za lita 20. Katika nchi ya mwambao ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara na wasichana hubeba maji ya ziwa kichwani, hesabu hiyo si ya mtihani tu. Ni swali kwa baba na mama: kwa nini maji hayo yote yanaachwa yaende?

Vifaa vingine haviko mbali. Mti ulionyooka uliochomekwa uwanjani unatosha kufuata jua. Kwa kuwa Baraka iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, kivuli chake cha mchana karibu kinatoweka mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi hivi na mwanzoni mwa Oktoba. Nguzo yenye alama za sentimita, ikisimamishwa ufukweni, inapima ziwa. Watu wa Uvira, Kalemie na Bujumbura wameona mwaka 2021 na tena 2024 jinsi Tanganyika linavyoweza kuingia nyumbani. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, pale Kalemie. Likijazwa na mvua, halina njia nyingine ya kupumua haraka.

Wapo watakaosema chupa ya mtoto haiwezi kuzuia mto. Ni kweli, haiwezi. Haichukui pia nafasi ya METTELSAT, idara ya serikali ya hali ya hewa, wala haitoi taarifa ya dakika kumi kabla ya maporomoko. Lakini kutoka Mboko hadi Kazimia, kupitia Swima, Sebele na Baraka, na juu kule Fizi na Lulenge, kuna shule karibu kila kijiji. Zikipima saa ile ile kwa chupa za namna moja, na redio za hapa zikisoma namba hizo jioni, baada ya misimu michache wakaaji wa mabondeni watajua ni milimita ngapi milimani zilizotangulia mafuriko kwao. Hapo neno "hameni" litakuwa na sababu nyuma yake, na watu watalisikiliza.

Majira yenyewe yanasaidia. Mwaka wa shule unaanza Septemba, mvua zinapokaribia, na unaisha wakati kiangazi kimeshika. Vita na kukimbia kumevunja masomo ya watoto wengi wa Fizi, lakini chupa na daftari ni vitu ambavyo hata shule iliyohamia chini ya turubai inaweza kuwa navyo.

Kinachotakiwa sasa ni uamuzi mdogo. Wakaguzi wa elimu waruhusu alama za kazi hii zihesabiwe kama za mtihani. Wakuu wa shule watenge kona ya uwanja. Wazazi wasiitupe chupa ile, na wasimcheke mtoto anayeamka mapema kwenda kuisoma. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Mtoto wa Fizi apewe kibaba chake, aanze kuhesabu.