Kabla ya kuhamia ndani ya gari, piga hesabu ya maji na choo

Ukitazama video za vijana wa Ulaya na Marekani wanaoishi ndani ya gari, utaona mapazia kabla ya kuona tenki la maji. Utaonyeshwa kitanda, taa ndogo za rangi ya asali, mbwa, na mlango wa nyuma unaofunguka moja kwa moja baharini. Choo huoni. Wala huonyeshwi dereva akizunguka mtaa wa tatu saa nne usiku, akitafuta pa kuegesha bila kugongewa dirisha.

Hapa kwetu wazo hili lina mashabiki, na sababu si ngumu kuelewa. Kazi ya mtandaoni haihitaji ofisi. Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Mwaka 2024 serikali ikatangaza kibali maalum cha wageni wanaotaka kuishi hapa huku wakifanyia kazi kampuni za kwao. Sasa kijana wa Roysambu anayelipa, tuseme, Sh15,000 kwa bedsita anajiuliza: kama mgeni anaweza kupiga kazi akiwa Diani, mbona nami nisinunue gari nilale humo, nimalizane na landilodi?

Swali ni halali, na jambo lenyewe linawezekana. Shida ni kwamba wengi huanza kutayarisha gari kutoka upande usiofaa. Keja unayoihama, hata iwe mbovu vipi, ilikuwa inakupa vitu ambavyo havikuandikwa kwenye risiti ya kodi: bomba la maji (hata kama hutoka mara mbili kwa wiki), choo, soketi, mlinzi wa lango na anwani. Ukishanunua gari, hivyo vyote vinakuwa kazi yako. Na pesa unazohatarisha mara nyingi ni mkopo wa sacco au shamba la babu.

Tuanze na gari lenyewe. Zile gari-nyumba za bei rahisi unazoziona YouTube, za miaka 15 au 20, haziingii Kenya. Sheria yetu inataka gari lililotumika lisizidi miaka 8, na usukani uwe upande wa kulia. Kwa hivyo soko lako ni Uingereza na Japani hasa, tena kwa magari ambayo bado ni ghali, kisha juu yake uongeze ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana wengi wataishia kununua Hiace iliyowahi kuwa matatu au gari la kampuni, waing'oe viti, waite fundi.

Si uamuzi mbaya, kusema kweli. Hiace ikikufia Kapenguria utapata mtu anayeijua. Gari-nyumba la Ulaya lenye chesisi ya Fiat likiharibika hapo, utalala wiki nzima ukisubiri kipuri kutoka Nairobi, kama kipo.

Lakini kabla ya mbao, angalia vitu viwili ambavyo muuzaji hatakutajia. Cha kwanza ni tairi. Gari lililoegeshwa muda mrefu huwa na tairi zenye kashata nzuri ajabu lakini zimezeeka. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu 4: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Cha pili ni unyevu, hasa kwa gari-nyumba lililotoka Uingereza. Bonyeza kuta karibu na madirisha na pembe za paa kwa kidole gumba. Zikibonyea kama mkate, maji yameshaingia ndani ya mbao, na rangi mpya haitibu hilo.

Ukinunua la Japani, ongeza la tatu. Umeme wa nyumbani kule ni volti 100. Wetu ni 240. Ukichomeka mfumo wa gari hilo kwenye soketi ya kambi ya Naivasha bila kubadilisha chochote, utasikia harufu kabla ya kuona moshi.

Baada ya hapo, uzito. Hapa ndipo ndoto nyingi huharibikia, na sijui kwa nini haizungumzwi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Watu wawili wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, na hiyo ni ya kuoga kwa beseni, siku tano ni lita 200. Hizo ni kilo 200, kama abiria watatu ambao hawashuki kamwe. Ongeza betri, mtungi wa gesi, friji, godoro, nguo na kabati. Mafundi wetu wa samani pale Ngong Road ni hodari, lakini wamezoea kutengeneza kabati litakalokaa sebuleni miaka ishirini. Ukiwaachia kazi watakupa mbao ngumu ya kupendeza yenye uzito wa ng'ombe. Waambie plaiwudi nyembamba, waambie kila kitu kifungwe kwa bolti kwenye bodi. Gari likisimama ghafla, kabati lililoshikiliwa na misumari linakufuata mbele.

Kila gari lina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye kibao chake. Likishajaa maji na mizigo, lipeleke kwenye mizani ya malori ulipime kabla ya safari. Breki za gari lililozidisha uzito hazikuonyi ukiwa Thika Road. Zinakuonya ukiteremka Mai Mahiu.

Choo nacho. Choo cha kubebeka chenye kasha huchukua lita 20 hivi, na watu wawili hukijaza kwa siku mbili au tatu. Ulaya kuna vituo vya kumwaga uchafu huo kando ya barabara na kambini. Sisi hatuna mtandao wa namna hiyo. Utategemea kambi, choo cha shimo cha mtu aliyekubali, au nyumbani kwa jamaa. Dawa kali inayotiwa ndani ya kasha pia huua vijidudu vinavyoozesha uchafu kwenye tangi la maji taka, kwa hivyo mwenye kambi akikukatalia usimwone mbaya. Wengi wanaoishi hivi muda mrefu hutumia choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi, na vumbi la mbao badala ya dawa. Si mada ya mezani, lakini usipoipangia utaipata saa kumi alfajiri.

Umeme, angalau, ni hesabu ya darasa la saba. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,200. Ikiwa ya asidi, na unataka idumu, tumia nusu tu. Sasa weka matumizi: laptopu ya wati 60 kwa saa 6 ni 360. Friji ndogo ya volti 12 hula 400 hadi 600 kwa siku. Ile Starlink ndogo, Mini, hula wati 25 hadi 40, yaani hadi 320 kwa saa 8. Umeshakaribia au kupita 1,000 kabla ya kuwasha taa na kuchaji simu. Paneli ya wati 200 iliyolala juu ya paa, siku ya jua kali, itakupa 700 au 800. Julai ya Nairobi, na lile wingu, sahau. Kwa hivyo anayefanya kazi mtandaoni ahesabu paneli za wati 400, betri ya lithiamu, na kifaa cha kuchaji betri hiyo injini ikiwa inanguruma. Kuna mgongano mwingine ambao utaugundua Mombasa: sola inataka jua, wewe ndani ya bati unataka kivuli.

Kuhusu gesi sitaki mzaha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa chini sakafuni ikisubiri kiberiti. Mtungi wa kilo 6 uwe ndani ya kisanduku chake, kimezibwa upande wa chumba, na tundu la chini linalotokea nje ya gari. Baridi ya Limuru au Nyahururu ikikubana, usiingize jiko la makaa. Kila mwaka tunasoma habari za watu waliolala na jiko ndani ya chumba wasiamke, na vyumba hivyo huwa vikubwa kuliko gari. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu. King'ora cha kuitambua ni kidogo kuliko simu, na ningekinunua kabla ya mapazia.

Halafu kuna makaratasi. Logibuku inayosema gari ni la abiria 14, na ndani kuna kitanda na jiko, inaipa bima sababu nzuri ya kukuruka siku ya ajali. Mabadiliko ya bodi yakaguliwe na NTSA, yaandikwe, kisha umweleze wa bima kwa maneno na kwa maandishi kwamba unalala humo. Ukivuka kwenda Uganda, Tanzania au Rwanda utahitaji pia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hulipia madhara ya watu wengine, si gari lako.

Kisha swali la usiku: utalala wapi? Katika mbuga za KWS unalipa kiingilio na ada ya kambi, si mahali pa kukaa mwezi. Vituo vya mafuta hutegemea moyo wa meneja. Kando ya barabara mjini, kanjo au polisi watakuja, au mwizi atakuja kwanza.

Marekani, ambako maisha haya yameshika mizizi, swali hilo limefika mahakamani. Filamu ya Nomadland, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2021, ilitokana na kitabu cha Jessica Bruder kuhusu Wamarekani, wengi wao wazee, waliohamia kwenye magari baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 kwa sababu nyumba ziliwashinda. Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, Mahakama ya Juu iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma. Sheria za mji huo zilihesabu hata kulala ndani ya gari. Nao wana ardhi kubwa ya umma unakoweza kupiga kambi bure. Sisi ardhi nyingi unayoiona tupu ina mwenyewe, na mwenyewe ana binamu mwenye panga.

Hata hapa kwetu gari limeshalengwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na pendekezo la kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Lilitupwa, lakini gari likiwa ndiyo nyumba yako, pendekezo kama hilo likirudi litakuhusu maradufu. (Ukiwa umeajiriwa, ile asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu itaendelea kukatwa, ulale popote.)

Tupige hesabu ya mwisho, ya mafuta. Gari likienda kilomita 10 kwa lita, na ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, ni lita 100. Ukiweka Sh170 kwa lita, ni Sh17,000. Hiyo imepita kodi ya bedsita yetu ya Roysambu, na hujalipa bima, sevisi wala kambi. Kuishi garini kunakuwa nafuu ukitulia mahali pamoja wiki tatu, nne, halafu ndiyo uhame.

Kwa hiyo kabla ya kurudisha ufunguo wa keja, lala ndani ya gari wikendi tatu: moja ya mvua, moja ya joto, moja ya kazi yenye dedilaini. Na katikati ya wikendi hizo, tafuta ploti mbili au tatu, labda Naivasha, Nanyuki au Kilifi, zenye maji, choo na mlinzi, mwenyewe akikubali uegeshe kwa mwezi. Wageni wanaovuka Afrika kwa magari wamekuwa wakifanya hivyo Nairobi kwa miaka, pale Jungle Junction upande wa Karen. Mkubaliane bei mapema, na mwandikiane. Landilodi wa ploti naye hupandisha.