Kufungua Programu Si Wizi

Kuna wasomi wa kompyuta ambao ukiwatajia kazi ya kuirudisha programu kwenye asembli wanakunja uso na kukuita mdukuzi. Mimi nasema huo ni uvivu uliovishwa kanzu ya maadili.

Tuanze na hapa Gongoni. Watu wana programu za mikopo kwenye simu. Unabonyeza "Kubali", pesa zinaingia, na siku ukichelewa kulipa, jamaa zako wanaanza kupigiwa simu. Namba zao zimetoka wapi? Kwenye simu yako mwenyewe. Umeuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Sasa gunia lenyewe linafunguka. Programu ya Android ni faili ya APK, na maagizo yake yamo kwenye faili za dex. Zana ya bure iitwayo baksmali huyageuza kuwa smali, yaani asembli ya Android inayosomeka. Kweli, maelezo ya mwandishi hayarudi. Kompaila imeyakausha kama maji ya bahari kwenye mashamba yetu ya chumvi. Majina aliyoyabuni huenda yakawa a, b, c tu. Lakini majina ya Android yenyewe kwa kawaida hubaki, kwa sababu ndiyo programu inayoyaita. Ukikuta ContactsContract, hapo orodha ya namba zako inaguswa. Fuata maagizo uone inapelekwa wapi.

"Lakini hiyo ni hakimiliki ya mtu!" Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yenyewe inaruhusu kuirudisha programu nyuma ili kupata habari za kuiwezesha ifanye kazi na nyingine. Mlango huo ni mwembamba, basi upanuliwe: ukaguzi wa usalama utajwe waziwazi. Kuuza nakala ni wizi. Kusoma si kuuza.

"Wezi watajifunza." Wezi walishajifunza zamani. Wasiojua ni wanaoibiwa.

Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mkopaji, na tangu Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo kusoma orodha hiyo. Vizuri. Lakini APK hutumwa hata kwa WhatsApp, bila kupitia duka la Google. Hiyo nani ataikagua, aliyeiandika?

Vyuo vyetu vifundishe kusoma asembli kama vinavyofundisha kuandika programu. Anayepinga na aje na hoja.