Ramani za wavuvi zichorwe kwa matabaka


Natoa maoni yangu kuhusu ramani tunazobandikiwa sisi wavuvi. Gesi iligunduliwa hapa Songo Songo mwaka 1974, na tangu 2004 inapita katika bomba chini ya bahari hadi Somanga, kisha Dar es Salaam. Ni haki tukatazwe kutia nanga juu ya bomba. Lakini ramani niliyoiona katika ofisi moja imechanganya bomba, miamba, vina na majina, hata hujui ulipokatazwa ni wapi.

Siku hizi ramani huchorwa kwa kompyuta. Programu kama Inkscape, isiyolipiwa, huweka kila kitu katika tabaka lake: miamba peke yake, bomba peke yake. Maboya yakifungwa kundi moja, husogezwa yote kwa pamoja bila kugusa mengine. Tabaka lisilohitajika hufichwa kabla ya kuchapa.

Kwa hiyo nashauri wahusika watutolee nakala ya mvuvi: pwani, miamba, bomba na mipaka yake, basi. Nanga ikitupwa pasipostahili, hasara si ya mvuvi peke yake, ni ya Taifa zima.

Mvuvi,
Songo Songo, Kilwa.