Weupe wa White Sands
Washona mifarishi wanaotembelea kusini-magharibi mwa Marekani wana ugonjwa mmoja: kutaka kuishona Grand Canyon nzima, mwamba kwa mwamba, mpaka kitanda kifanane na kalenda ya ukutani. Mimi ningewaelekeza New Mexico, kwenye White Sands, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Matuta yale ni ya jasi, na jua likizama weupe wake huingia uwaridi, kisha samawati. Hapo mshonaji hulazimika kutafuta viraka vyeupe visivyolingana weupe, halafu auachie uzi unaoshikiza kitambaa, pamba na bitana uchore mawimbi ya upepo. Na vitambaa viwe vya pamba tupu, tafadhali. Poliesta hung'aa mno.